Kila Mtoto na Muti Wake

Tarehe 9 Septemba, Jumatatu

Watu wa mradi wa bustani wameondoka. Wametuachia tangi la maji, majembe madogo ya watoto, bango lenye picha ya karoti inayocheka, na kofia moja ya njano ambayo Papa Ndagijimana aliivaa kabla gari lao halijakunja kona. Papa Ndagijimana ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi wa kituo chetu cha watoto wadogo hapa Gashonga, irerero kama wanavyokiita huku. Mimi ndiye mwalimu, Laurence. Mwenzangu ni Concessa, ambaye anapika uji na kufundisha nyimbo, mara nyingi kwa wakati mmoja, na uji ndio unaoumia.

Kwa hiyo bustani sasa ni yetu wenyewe. Hakuna mgeni wa kuja kuitazama, hakuna semina, hakuna soda. Hata vumbi la gari halijatulia, Papa Ndagijimana akanivuta pembeni.

"Donc, Mwalimu, uwanja ule ni muzuri sana. Mimi naona pale salle ya harusi."

Nikamwuliza ukumbi wa harusi na watoto wa miaka minne wanahusiana wapi. Akasema hana ubaya na mtu, tungoje mpaka Noeli. Bustani ikiwa bado hai na wazazi bado wanaitaka, atanyamaza. Ikiwa sivyo, anajenga. Tukapeana mikono, nikaubana wake kwa hasira zangu zote.

Mwaka jana mtoto Ciza aliletwa hapa miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, hana nguvu hata ya kulia. Kituo cha afya kilimtibu, na aliporudi alikula kutoka kwenye bustani hii kila siku ya Mungu. Leo ni mtukutu, juzi ameniuma mkono. Naupenda mkono wangu, lakini nilifurahi. Sitaki salle ya harusi.

Tarehe 13 Septemba

Jua. Concessa anasema mvua itakuja. Nimemwuliza lini, akasema ikifika.

Tarehe 17 Septemba

Imefika! Udongo umelainika, tumepanda siku nzima. Kwenye bustani yetu ya duara yenye ngazi tumeweka lengalenga, yaani mchicha, karoti, beterave zile nyekundu na vitunguu. Kandokando ya ua tumepanda mipapai, mmoja kwa kila mtoto, na kijiti chenye jina lake. Watu wa mradi walitufundisha hivyo: mtoto hupenda kula kitu alichokilea kwa mkono wake. Reine ameupanda wake kichwa chini. Rukundo amekataa kugusa udongo mpaka aambiwe kama mti utazaa biskuti. Nikamwambia tutaona.

Jioni wazazi walipokuja kuwachukua watoto, nikapanda juu ya kasha la soda nikawahutubia kwa Kinyarwanda, peke yangu, Concessa akiwa nyuma anaosha masufuria. Mimi nimekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kule Kadutu, na Kinyarwanda nilichonacho ni kile cha mama yangu akikasirika. Lakini leo kilitiririka. Nikasema: "Buri mwana afite umuti we!" Kila mtoto ana muti wake. Tumeufukia hapa uani, na jina lake liko juu. Kila asubuhi atakuja kuutazama. Ukikua, naye anakua. Ukikauka, hiyo ni shauri yake.

Hakuna aliyeuliza swali. Maman Rukundo alimkumbatia mwanawe, machozi yanamlenga. Nimewagusa kweli. Nalala na furaha.

Tarehe 18 Septemba

Watoto wachache. Labda ni mvua.

Tarehe 20 Septemba

Wachache zaidi. Mvua hakuna.

Tarehe 23 Septemba

Wamekuja Ciza, Reine na wengine wachache ambao wazazi wao hawakuwepo siku ya hotuba. Uji umebaki. Nimekunywa vikombe vitatu, Concessa vinne. Papa Ndagijimana amepita akihesabu hatua kuzunguka bustani, mikono mgongoni, anapiga mluzi wa harusi.

Tarehe 24 Septemba

Leo nimejua. Bora nisingejua.

Concessa ametoka kisimani, hana hata ndoo. Ameketi kwenye gunia la maharage, anacheka mpaka kitambaa kimemtoka kichwani.

"Laurence, siku ile uliambia bazazi nini?"

Nikamrudia hotuba yangu, neno kwa neno, tena kwa madaha.

"Umuti?"

"Ndiyo. Muti. Mupapai."

"Yesu wangu! Laurence! Mupapai ni igiti. Umuti ni dawa!"

Nikaketi na mimi. Kwetu Bukavu muti ni kitu chenye matawi na majani, ndege wanatua juu. Huku umuti ni dawa. Na dawa iliyofukiwa ardhini na jina la mtoto juu yake, aliyeifukia si daktari wa hospitali.

"Na ile niliyosema juu ya kukauka?"

"Ile ndiyo imebamaliza," Concessa akasema, akaanza tena kucheka. "Bote banasema mwalimu wa Bukavu amezika batoto yabo bazima."

Nimelia kidogo. Halafu nikakasirika. Nimeishi hapa miaka, nimewafuta watoto wao kamasi, nimewakata kucha, na wanadhani mimi ni mchawi? Lakini hasira ilipopoa nikajiweka mahali pao. Mtu akisimama juu ya kasha akaniambia hivyo kuhusu mwanangu, ningemrukia palepale. Wao walikuwa na adabu.

Kuanzia leo mazungumzo yote nayaandika kwa Kiswahili, hata yaliyosemwa kwa Kinyarwanda. Kinyarwanda changu kimeshaleta balaa ya kutosha.

Tarehe 3 Oktoba

Nimezunguka nyumba kwa nyumba kueleza. Kwa Maman Rukundo nilipewa kiti lakini sikupewa maji, na mwenye kujua anajua maana yake. Nikamwambia: Maman, nilikosea neno, ile ni mipapai tu.

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, mwenye kuzika dawa anaweza kusema nimezika dawa?"

Nikaaga, nikaondoka na kiu yangu.

Tarehe 7 Oktoba

Mvua. Magugu yanastawi kuliko karoti. Tunapalilia wawili tu, na Ciza, ambaye anang'oa karoti na kuacha magugu.

Tarehe 10 Oktoba

Leo mgongo unaniuma, koo limekauka, lakini lazima niandike.

Papa Ndagijimana ana beberu mmoja mnene, anamlisha kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wake. Asubuhi beberu amekata kamba, ameingia uani kwetu, amepita lengalenga, amepita vitunguu, amekwenda moja kwa moja kwenye mpapai wa Rukundo na kuumaliza wote, pamoja na kijiti cha jina. Mipapai mingine hakuigusa. Sijui alisukumwa na nini.

Ciza aliona yote. Kabla sijamshika alikuwa ametoka barabarani, anapiga kelele kwa sauti aliyopewa na Mungu siku alipopona: "Mbuzi amekula Rukundo! Mbuzi amekula Rukundo!"

Kilima kizima kilitoka. Watu waliacha mihogo, waliacha maharage, pikipiki mbili zilisimama na abiria juu. Maman Rukundo alikuja mbio na jembe mkononi, kiatu kimoja mguuni, anaita jina la mwanawe. Rukundo mwenyewe alikuwa amemfuata nyuma kutoka nyumbani, anatafuna muwa, anataka kujua kuna nini.

Mama alimwona, akamshika, akamgeuza mbele na nyuma, akamkuta hana hata mkwaruzo. Tukashusha pumzi. Nikadhani yameisha. Halafu akaona ile nafasi tupu kwenye mstari wa mipapai, akaona na kipande cha kijiti mdomoni mwa beberu.

"Amekula umuti wake," akasema polepole. "Maisha ya mutoto yangu sasa iko ndani ya mbuzi."

Papa Ndagijimana alikuwa amefika na kofia yake ya njano. "Donc, Maman, tutulie. Mbuzi ni mbuzi."

"Mbuzi hii haichinjwi."

"Namna gani haichinjwi? Batizo iko karibu! Padri nimeshamwalika!"

"Ukimuchinja na mutoto yangu akaanguka, utasema nini, Papa? Utamwambia padri nini?"

Papa Ndagijimana aligeuka kutafuta wa kumtetea. Akawatazama watu. Watu walikuwa wote upande wa beberu. Basi Maman Rukundo alimfunga kamba mpya, akamswaga mpaka kwake, mtoto mkono huu na mbuzi mkono ule. Concessa alijificha nyuma ya tangi, mabega yanatikisika.

Tarehe 14 Oktoba

Beberu analala ndani. Baba Rukundo analalamika kwamba anapewa viazi vilivyomenywa. Beberu, si yeye.

Tarehe 16 Oktoba

Papa Ndagijimana amekuja kituoni, ameketi kwenye kiti cha watoto, kimembana.

"Mwalimu, hii maneno yako ya dawa, uitoe kwa bantu."

"Nimejaribu, Papa. Hawanisikii."

"Mimi batanisikia."

"Si wewe unayetaka salle? Wazazi wakirudi, bustani inabaki."

Akafikiri, jasho linamtoka chini ya kofia. "Salle ni mambo ya Noeli. Batizo ni tarehe makumi mbili na saba, mwezi huu huu." Akasimama na kiti kikasimama naye. Tulimtoa mimi na Concessa, kwa adabu zote.

Tarehe 26 Oktoba, Jumamosi

Leo ilikuwa umuganda, kazi ya pamoja, tumezibua mitaro ya barabara. Mwishoni, watu wakiwa bado na majembe, Papa Ndagijimana alipanda juu ya jiwe mbele ya ua wetu. Mtu huyu nimemsema vibaya sana kwenye kurasa hizi, lakini leo alihutubia vizuri kunishinda. Alisema mwalimu ni mtu wa Bukavu, ulimi wake uliteleza, ni igiti, igiti, igiti! Akaomba karoti ya bustani, akaila na udongo wake. Akala lengalenga mbichi. Watu wakaanza kutikisa vichwa kwamba labda.

Angeishia pale. Lakini kusifiwa kulimpanda kichwani, akachuma jani la mpapai akalitafuna lote.

Mwenye kuwahi kutafuna jani la mpapai anajua. Uso ulimkunjamana, machozi yakamtoka, mishipa ikasimama shingoni. Umati ukarudi nyuma hatua mbili. Maman Rukundo akasogea karibu, akamwinamia.

"Papa, unasikia namna gani?"

"Muzuri," akasema, na sauti haikutoka.

Tulingoja. Hakuna aliyekwenda nyumbani, walitaka kuona. Jua likasogea, Papa Ndagijimana hakufa, akaomba maji, akacheua, na hapo ndipo kilima kikaamini.

Sasa Maman Reine, ambaye siku zote alikuwa upande wetu, akanyoosha mkono. "Kama si dawa, Ciza alipona na nini?"

Wote wakamgeukia Ciza, ambaye alikuwa amemlalia mtoto mwenzake juu anampiga na kiatu. Nikaeleza: kituo cha afya kilimtibu, halafu tukamlisha mboga hizi na maharage na yai, kila siku, ndiyo maana hakurudi kulekule.

"Basi ni dawa," akasema Maman Reine.

"Si dawa, Maman. Ni mboga."

"Mboga yenye inazuia magonjwa?"

"Ndiyo, lakini..."

Concessa alinikanyaga mguu, nusura nipige yowe. "Laurence," akaninong'oneza, "funga mudomo."

Nikafunga.

Tarehe 27 Oktoba

Beberu amechinjwa. Maman Rukundo alikubali kwa sharti moja, kwamba ini lote apewe Rukundo ili chake kimrudie. Amelila, ameomba na biskuti.

Tarehe 4 Novemba

Wamerudi wote, tena na wadogo zao ambao hawajafika hata umri. Kina mama wanachungulia ua wakiwaacha watoto, wanauliza mpapai wa fulani mbona mfupi kuliko wa jirani. Wanaomba mbegu za lengalenga. Wawili wamenivuta pembeni na kunong'ona wanataka "ile ya kweli". Nimewapa beterave.

Tarehe 6 Novemba

Rukundo amekula beterave kwa mara ya kwanza maishani, sahani mbili. Jioni amekojoa mkojo mwekundu. Mama yake amembeba mgongoni kwenye mvua mpaka kituo cha afya, na njia nzima, wanasema, alikuwa analitaja jina langu.

Tarehe 7 Novemba

Muuguzi alicheka, akamweleza. Leo Maman Rukundo amesimama mlangoni kwetu tangu asubuhi, anamzuia kila mama anayepita. "Maman, leo ukiona nyekundu usiogope. Ni beterave. Inapita tu." Anasema kama aliyesomea. Nilimkasirikia sana mwanamke huyu, sikatai. Lakini kumbeba mtoto kilima chote kile kwenye mvua! Nikiwa na mtoto nitataka niwe mkaidi hivyohivyo.

Tarehe 14 Novemba

Mvua ya mawe. Haikuchukua muda mrefu hata kidogo. Mabati yalipiga kelele, watoto waliziba masikio na kucheka, na tulipofungua mlango bustani ilikuwa imelala chini yote. Lengalenga vijiti, karoti hazina vichwa, mipapai imepasuka. Watoto wakaanza kuokota barafu na kula. Mimi nikaenda nyuma ya choo nikalia kwa sauti, sikujizuia.

Tarehe 18 Novemba

Papa Ndagijimana amekuja na fundi. Wamepiga vigingi pembe nne za bustani. Alivua kofia aliponiona.

"Pole, Mwalimu. Nilisema ni muzuri mbele ya bantu yote, na nilisema kweli. Lakini sasa haiko kitu."

Sikuweza kumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi.

Tarehe 23 Novemba

Niliwaita wazazi waje leo, Jumamosi, kupanda upya. Tumekuwa mimi, Concessa na Maman Reine, ambaye alikuwa anapita tu kwenda sokoni. Walirudi kwa ajili ya dawa, dawa imepigwa na mawe, basi. Nimepanda hivyo hivyo, napiga jembe chini kwa nguvu kama ardhi ndiyo iliyonikosea.

Tarehe 29 Novemba

Imeota.

Tarehe 20 Desemba

Tumefunga muhula. Nimewaambia wazazi wazi: likizo ndiyo inayoua bustani, si mawe. Wiki hizi bila mtu wa kupalilia, tukirudi tutakuta kichaka, na Papa Ndagijimana ana haki ya kujenga. Nani atakuja? Kila mtu alitazama vidole vya miguu yake. Maman Rukundo alisema ana maharage ya kuvuna. Mwingine akasema Noeli ni Noeli.

Nimempa Concessa ufunguo wa tangi lakini anakwenda Rwimbogo kwa kaka yake. Mimi nakwenda Kamembe kwa mama, aliyekwisha kuniambia kwamba akisikia neno karoti mezani atanifukuza. Nimeiaga bustani kama mtu anayeaga mgonjwa. Sikugeuka nyuma, nilijua nikigeuka nitakaa.

Tarehe 25 Desemba

Noeli njema. Wali, nyama, soda. Sina hamu.

Tarehe 3 Januari

Nimerudi leo, siku tatu kabla ya wengine, nione msiba wangu peke yangu. Mvua ndogo ilikuwa inanyesha, nimevaa koti la plastiki la baba yangu, kofia yake imenifunika mpaka puani. Njiani nilishapanga maneno ya kumwambia Papa Ndagijimana: jenga, na iwe harusi ya heri.

Nimefika uani nikasimama. Hakuna kichaka. Ngazi zote za bustani zimepaliliwa, udongo mweusi, lengalenga imefika gotini, majani mapana kama kiganja. Vigingi vya fundi havipo. Nikadhani naota ndoto. Nikainama nikachuma shada moja, jingine tena, kwa furaha tu, na kwa sababu nyumbani sina mboga.

"Mwizi! Weye mwanamuke! Mwizi wa batoto!"

Jembe lilipita karibu na sikio langu. Kabla sijageuka, kina mama watatu walikuwa wameruka ua, na wa mbele alikuwa Maman Rukundo, kanga imefungwa kiunoni. Nikaivua kofia haraka.

"Ni mimi! Laurence!"

Akasimama. Nilidhani atacheka, ataomba radhi. Akatazama lengalenga mkononi mwangu.

"Mwalimu. Na nani amekupa ruhusa?"

"Ruhusa? Maman, mimi ndiye niliyepanda!"

"Ulipanda, ndiyo, tuliona. Lakini ulipoenda tulipanga zamu ya kupalilia, na leo si zamu yako. Leo ni zamu ya Maman Reine. Kesho ni ya Baba Ciza."

"Na Papa Ndagijimana? Na salle?"

"Tulimwambia ajenge ndani ya shamba yake ya ndizi." Akauchukua mkono wangu, bila ukali, akayatoa majani moja moja, akampa Maman Reine. "Batoto bataanza masomo Jumatatu. Tukiachia kila mutu anachuma vile anataka, batakula nini? Kama unataka mboga, uje ku Alhamisi upalilie na wengine. Hapo njo utapata."

Nilitaka kumkumbatia nikaogopa jembe. Nikamwambia ndiyo, Maman, nitakuja Alhamisi. Akanisindikiza mpaka kwenye lango, akalifunga nyuma yangu, akalitikisa kuhakikisha limefunga.

Nimepika maharage matupu, bila jani hata moja. Nimekula sahani mbili, nacheka peke yangu mpaka jirani amegonga ukuta kuuliza kama niko na mgeni.